Namna ya Kutengeneza Sehemu ya Kwanza ya Katuni ya Vichekesho vya Familia

Maswali ni yale yale kila wiki. Nianze kuchora au kuandika? Sehemu ya kwanza iwe ya dakika ngapi? Nitawatambulishaje watu wote wa nyumba ile? Sauti zinarekodiwa kabla ya picha au baada yake? Wanaouliza wengi wao wanachora vizuri sana, na inasikitisha kuona madaftari yaliyojaa nyuso nzuri ambazo hazijawahi kusema neno. Mwongozo huu ni wa kijana mmoja, au kikundi cha watu watatu wanne, wanaotaka kuitoa katuni ya familia kwenye daftari na kuifikisha kwenye skrini, kwa Kiswahili, kwa vifaa vinavyopatikana.

Kuna jambo moja utaliona likijitokeza katika kila hatua. Sehemu ya kwanza haitambulishi watu kwa kuwataja majina na tabia. Inaiingiza familia nzima kwenye dhiki moja, kisha inatuonyesha kila mmoja anavyohangaika nayo. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yako yameshajibika.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kompyuta yenye RAM ya GB 8 itakufikisha, ingawa kwa GB 16 utafanya kazi bila kuisubiri ikiganda. Programu za bure zinatosha kabisa. OpenToonz inatokana na Toonz, programu iliyotumiwa na Studio Ghibli, studio ya filamu za katuni ya Japani, na tangu 2016 kila mtu anaruhusiwa kuipakua. Krita ni nzuri kwa kuchora mandhari. Blender ina zana ya Grease Pencil kwa wanaotaka kuhuisha michoro bapa, yaani kuifanya isogee, ndani ya programu ya 3D. Kwa sauti tumia Audacity, na kwa uhariri toleo la bure la DaVinci Resolve. Chagua programu moja ya kuhuisha na ubaki nayo mpaka kazi iishe. Anayebadili programu katikati ya kazi hupoteza wiki nzima akijifunza upya mahali pa vitufe.

Utahitaji pia:

- Tableti ya kuchorea, hata ile ndogo isiyo na skrini. Kama hunayo, chora kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi, piga picha kwa simu iliyowekwa juu ya stendi, mwanga ukitoka pande zote mbili.
- Maikrofoni moja nzuri. Ya kuazima ni bora kuliko mbovu ya kununua.
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na UPS (betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika) kama unatumia kompyuta ya mezani. Umeme hautakungoja ubonyeze kitufe cha kuhifadhi.
- Watu wanne au watano wenye sauti tofauti kabisa, walio tayari kuja zaidi ya mara moja.
- Daftari la kuandika yanayosemwa nyumbani, sokoni na kwenye daladala.

Hakuna haja ya kuwa mchoraji hodari. Katuni za familia zilizodumu miaka mingi zina michoro rahisi, na urahisi huo ulikusudiwa.

Hatua ya 1: Tafuta dhiki moja ya nyumbani

Kabla hujaandika chochote, itazame kwa makini sehemu ya kwanza ya The Simpsons, katuni ya familia iliyorushwa na kituo cha televisheni cha Fox nchini Marekani tarehe 17 Desemba 1989. Itazame mara mbili: mara ya kwanza ucheke, mara ya pili ukiwa na kalamu mkononi.

Hadithi yake ni ya pesa ya sikukuu. Bart, mtoto wa kiume, anataka kuchorwa tatuu ya neno la Kiingereza lenye maana ya mama, lakini mama yake anamkuta katikati ya kazi na kumburura kabla herufi hazijatimia, kwa hiyo anabaki na jina la mdudu. Mama, Marge, anatumia akiba yote ya Krismasi kuifuta tatuu hiyo, akitegemea bonasi ya mumewe. Kule kazini, baba, Homer, anatangaziwa kuwa mwaka huu hakuna bonasi. Anaona haya kusema. Anachukua kibarua cha siri cha kuvaa ndevu za Baba Krismasi kwenye jumba la maduka, na baada ya makato yote analipwa dola 13. Rafiki yake Barney anampa fununu ya mbio za mbwa. Anamwekea dau mbwa ambaye hakuna anayemtarajia, na mbwa anashika mkia. Mwenye mbwa anamfukuza hapo hapo, Bart anamwombea, na baba anarudi nyumbani na mbwa aliyeshindwa. Familia inampokea kama zawadi ya sikukuu.

Hakuna mahali hata pamoja ambapo sauti inatuambia kwamba huyu ni baba mwenye upendo lakini mzito wa kufikiri. Tunayaona hayo pale anapoficha habari ya bonasi. Mama tunamjua kwa namna alivyoitoa akiba bila kusita. Mtoto tunamjua kwa tatuu, halafu tunamjua upya anapogundua kuwa yule Baba Krismasi ni baba yake, na badala ya kumcheka anamheshimu. Pesa moja iliyokosekana imewafunua wote.

Sasa tafuta ya kwako. Usiibe Krismasi yao. Dhiki nzuri ina sifa tatu: inaigusa nyumba nzima, ina saa ya mwisho, na kila mtu ana sababu ya kuificha sehemu yake.

Tuchukue mfano tutakaoufuata mpaka mwisho. Nyumba iko Tanga. Leo baada ya magharibi wanakuja wageni wa posa kwa ajili ya binti mkubwa, Zuhura. Saa kumi jioni mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, inaonyesha uniti mbili, wakati juzi tu ulinunuliwa umeme wa kutosha wiki mbili. Nani kaula? Hiyo inatosha kwa sehemu ya kwanza. Usiongeze mwizi, jini wala safari ya Dubai.

*Kosa la kawaida:* kuanza na dhiki ya dunia nzima. Ukiona hadithi yako inahitaji polisi, helikopta au rais, rudi jikoni.

Hatua ya 2: Mpe kila mtu anachotaka na anachoficha

Kwenye karatasi moja andika majina ya wanafamilia, wasizidi watano. Mbele ya kila jina andika mambo mawili: anataka nini leo, na anaficha nini leo.

- Baba Zuhura, seremala: anataka kuonekana mwenye nyumba mbele ya mshenga. Anaficha kwamba pesa ya LUKU ya akiba alimkopesha rafiki.
- Mama Zuhura: anataka binti aolewe kwa heshima. Anaficha friza aliyoijaza barafu za ubuyu za kuuza shuleni.
- Zuhura: anataka wageni wachelewe, kwa sababu hajaamua. Amepiga pasi gauni lile lile tangu asubuhi.
- Kidevu, miaka 13: anataka pesa. Anachaji simu za mtaa mzima chini ya kitanda.
- Bibi, mama yake baba: anataka kujua kila kitu. Anaficha birika la umeme chumbani kwake.

Kila siri inagusa umeme. Kwa hiyo kila siri itakayofichuka inaisogeza hadithi, na hapo hapo tunamfahamu mtu mmoja zaidi. Kama kuna mhusika ambaye siri yake haigusi dhiki ya siku hiyo, msubirishe. Atakuja sehemu ya tatu, na watazamaji watampokea vizuri zaidi wakati huo.

Usiogope kuchota kwenu. Matt Groening, aliyeibuni The Simpsons, aliwapa wahusika wake majina ya watu wa familia yake mwenyewe: baba yake aliitwa Homer, mama yake Margaret, na dada zake wawili Lisa na Maggie. Wewe chukua mwendo wa shangazi au mguno wa baba mdogo, lakini badilisha jina na kazi yake, maana utakutana naye kwenye msiba.

Hatua ya 3: Andika skripti fupi

Kwa kikundi kidogo, sehemu ya kwanza iwe ya dakika 5 hadi 7. Najua unatamani dakika 22 kama za televisheni. Piga hesabu kwanza. Ukichora michoro 12 kwa kila sekunde, dakika 22 ni michoro 15,840. Dakika 6 ni 4,320, na hata hiyo utaipunguza kwa mbinu za Hatua ya 8. Mchoraji wa Kimarekani Seth MacFarlane alipoomba nafasi Fox alipewa kama dola 50,000, na alichorudi nacho kilikuwa kijipande cha dakika chache, ambacho sehemu kubwa alikichora mwenyewe nyumbani. Kutokana na kijipande hicho ndipo ilipozaliwa sehemu ya kwanza ya katuni yake ya familia, Family Guy, iliyorushwa 31 Januari 1999. Kifupi kilichokamilika kinafungua mlango. Kirefu cha nusu hakuna anayekitazama.

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, ingawa vichekesho husemwa kwa kasi, kwa hiyo kurasa saba zinaweza kukupa dakika sita. Gawa hivi: ukurasa wa kwanza dhiki imeshaanza, katikati kila mtu anajiokoa na kumponza mwenzake, ukurasa wa mwisho siri zote ziko sebuleni mbele ya wageni.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokupa mali ambayo wengine hawana. Nyumba zetu zina sheria za maneno, na kichekesho huishi pale sheria inapokutana na aibu. Mtoto lazima aseme shikamoo hata kama amekamatwa na simu sita. Mke hamwiti mumewe jina mbele ya watu, humwita Baba Zuhura, na jinsi anavyolitamka jina hilo inatosha kumwambia kila mtu kwamba leo kuna kesi. Bibi ana haki ya kumtania mjukuu na kumwita mume wake. Mshenga hawezi kutamka haja yake moja kwa moja, lazima azunguke. Tumia hayo yote:

BIBI: Nani kazima taa?

KIDEVU: Hakuna aliyezima, Bibi. Uniti zimekwisha.

BIBI: Mume wangu, hata ndoa bado, umeshaanza kunificha hela ya matumizi?

KIDEVU: Mimi sina hela, Bibi. Haki ya Mungu.

*(Chini ya kitanda simu sita zinalia kwa pamoja.)*

Tazama kwamba hakuna aliyetoa kichekesho. Bibi anatania kama bibi, mtoto anajitetea kama mtoto, na simu zinamaliza kazi. Mhusika anayejua kwamba anachekesha huwa hachekeshi.

Lafudhi zinaruhusiwa, na zinapendeza, ila zisiwe ndiyo kichekesho chenyewe. Mtu wa Pemba, wa Mombasa au wa Bukavu acheke na familia yako kwa sababu amewatambua. Akiona matamshi yake yamegeuzwa ujinga, humpati tena.

*Kosa la kawaida:* mazungumzo ya kujieleza. “Mimi, mama yako, ambaye nauza barafu ili ule…” Hakuna mama anayemwambia mwanawe hivyo. Ufungue mlango wa friza, tutaona wenyewe.

Hatua ya 4: Someni kwa sauti mkiwa wote pamoja

Keti na waigizaji wako, kila mmoja na nakala. Soma mwanzo mpaka mwisho bila kusimama, mmoja akishika saa. Alika watu wawili ambao hawajawahi kusikia hadithi hii. Usiwatazame waigizaji, watazame hao wawili. Weka alama pale walipocheka na pale walipoangalia simu zao.

Kisha kata. Kichekesho kinachohitaji maelezo kinaondoka, hata kama ni chako unachokipenda. Skripti ikisomwa mara tatu na kukatwa mara tatu inakuwa imepungua robo, na hiyo robo ni michoro mingi ambayo hutaichora.

Hatua ya 5: Chora wahusika

Mjaribu kila mhusika kwa kivuli. Mjaze rangi nyeusi tupu, kisha muulize mtu: huyu ni nani? Homer, Marge, Bart na Lisa wanatambulika hata wakiwa weusi tii, kwa umbo la kichwa na nywele tu, na Groening alikusudia hivyo. Kwa nyumba yetu: Baba ana kofia ya kiua na penseli sikioni, Mama ana kilemba kikubwa, Bibi ni mfupi na khanga imemzidi, Kidevu ni mwembamba na ana kidevu chake. Wakisimama pamoja, vichwa visilingane urefu.

Kisha chora karatasi ya kila mhusika: mbele, ubavu, robo tatu na nyuma. Ongeza nyuso sita za hisia na mikono minne. Rangi ziandike kwa namba zake kwenye faili moja ambalo kila mchoraji analo, la sivyo khanga ya Bibi itabadilika rangi kila anapovuka mlango.

Midomo ni rahisi kwetu kuliko kwa Waingereza. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na vokali, kwa hiyo midomo mitano ya a, e, i, o, u, pamoja na mdomo uliofungwa wa m, b na p, na wa f na v wenye meno juu ya mdomo wa chini, inabeba karibu kila sentensi. Chora hiyo saba mara moja kwa kila mhusika, kwa pembe mbili, na utaitumia mfululizo wote.

Hatua ya 6: Rekodi sauti kabla ya kuhuisha

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu ni moja: sauti kwanza. Mchoraji anachora akifuata pumzi, kigugumizi na kicheko cha mwigizaji. Ukianza na picha, mwigizaji atakuwa mtumwa wa mdomo uliokwisha kuchorwa, na utani wote utakauka.

Chumba kizuri cha kurekodia ni chumba cha kulala chenye godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililo wazi. Zima feni na friji. Rekodi usiku uliotulia, lakini angalia ratiba ya adhana, jogoo na bodaboda za mtaani kwenu. Weka maiki umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili p na b zisipige upepo. Hifadhi kwa WAV, kilohezi 48, biti 24. Kabla hamjaanza, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho. Utaitumia kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

Chukua kila mstari mara tatu: kama ulivyoandikwa, kwa haraka, na kama mwigizaji mwenyewe anavyopenda. Mara nyingi utakayoitumia ni ya tatu.

Wahusika wa mtoto wa kiume wape wanawake. Mvulana wa miaka 13 sauti itamvunjika kabla hujafika sehemu ya pili. Sauti ya Bart Simpson ni ya mwanamke, Nancy Cartwright, ambaye alikuja kufanyiwa majaribio ya sauti ya Lisa, akaona maelezo ya Bart, akaomba hiyo. Kwa hiyo waache waigizaji wako wajaribu zaidi ya mhusika mmoja.

Hatua ya 7: Storibodi na animatiki

Chora hadithi yote kwa visanduku vidogo, hata kwa watu wa vijiti. Kila shoti, yaani kipande kisichokatwa, sanduku moja, au mawili kama kuna tendo kubwa. Katuni ya dakika sita huwa na shoti 70 hadi 100. Kisha ziingize picha hizo kwenye programu ya uhariri juu ya sauti mlizorekodi, kila moja ikae muda wake halisi. Hiyo ndiyo animatiki: katuni yako nzima, ikiwa bado haijasogea.

Itazame. Waonyeshe watu. Kama haichekeshi hapa, haitachekesha ikipakwa rangi. Sogeza picha fremu chache (fremu ni picha moja kati ya zinazopita kila sekunde) mbele au nyuma uone jinsi kimya kifupi kabla ya simu kulia kinavyobadilisha kila kitu. Kukata dakika nzima hapa ni kazi ya jioni moja. Kuikata baada ya kuhuisha ni kuitupa kazi ya mwezi.

The Simpsons wenyewe waliionja shubiri hii. Sehemu iliyopangwa iwe ya kwanza iliporudi kutoka studio ya uhuishaji ng'ambo, watayarishaji hawakuikubali, na takriban asilimia 70 ikabidi ifanywe upya. Ndiyo sababu hadithi ya Krismasi ikatangulizwa, na ile ya awali ikarushwa mwishoni mwa msimu, Mei 1990. Wao walikuwa na fedha za kurudia. Wewe una animatiki.

Hakuna kuhuisha hata shoti moja mpaka animatiki ikubaliwe na kila mmoja. Iandikeni tarehe, muifunge.

Hatua ya 8: Huisha kwa akiba

Kwanza amua idadi ya fremu kwa sekunde: 24 kwa intaneti, 25 kama unalenga televisheni za kwetu. Weka namba hiyo hiyo kwenye programu zote tangu siku ya kwanza.

Kila mchoro uukalishe fremu mbili, kwa hiyo unachora michoro 12 kwa sekunde. Tenganisha mwili, kichwa, macho na mdomo kwenye tabaka zake. Mtu akiongea, kinachosogea ni mdomo, macho na mkono mmoja, kiwiliwili kinatulia. Watengenezaji katuni wa Kimarekani Hanna na Barbera walijenga kampuni nzima kwa mbinu hii. Dubu wao Yogi alivaa kola na tai ili mstari wa shingo ufichike na kichwa kihuishwe peke yake. Kwetu kola ya kanzu na ushungi zinafanya kazi hiyo vizuri mno.

Mandhari ziwe nne: sebule, jikoni, chumba cha Bibi, na ukuta wa nje wenye mita. Zichore pana ili uweze kuzikata kwa pembe mbalimbali. Sebule ya usiku ni ile ile ya mchana iliyowekewa tabaka la bluu na mwanga wa mshumaa.

Michoro mingi ibakize kwa mahali pawili au patatu panapostahili: Mama anaposikia mshenga akibisha hodi, na pale wote wanapogombania kuiziba friza inayovuja. Tendo kubwa likiwa lenye uhai, watazamaji hawatagundua kwamba shoti zilizotangulia zilikuwa zimetulia.

Taja mafaili kwa mpangilio: namba ya sehemu, namba ya shoti, namba ya toleo. “Mwisho_mwisho_kabisa” si jina la faili. Nakili kwenye diski ya nje kila jioni, na diski isilale nyumba moja na kompyuta.

Hatua ya 9: Unganisha, weka sauti, toa

Panga shoti zilizokamilika juu ya animatiki, moja moja, ukibadilisha picha ya zamani kwa mpya. Ongeza sauti za vitu: mlio wa mita, mlango wa friza, makubazi ya Bibi. Zirekodi mwenyewe, nyumba yako imejaa sauti.

Muziki usiuchukue popote tu. Wimbo unaosikika redioni una wenyewe, na video yako inaweza kushushwa. Mwombe mpiga gitaa au kinanda wa mtaani akutungie sekunde 20 za utangulizi, na mwandikiane makubaliano hata ya ukurasa mmoja. Waigizaji wa sauti pia waandikishe. Kabla ya kuonyesha hadharani au kupeleka televisheni, ulizia taratibu za Bodi ya Filamu Tanzania, au Kenya Film Classification Board kama uko Kenya, na usajili wa hakimiliki.

Mwisho wa hadithi yetu: taa zimezimika, wageni wameketi na mishumaa, barafu zote zimeyeyuka. Mama hana la kutoa, anaimimina ile barafu ya ubuyu kwenye glasi. Mshenga anakunywa, anaomba nyingine, na kusema hajawahi kukaribishwa hivi. Umeme haukurudi. Dhiki haikutatuliwa, ila familia imepita pamoja, na mtazamaji anataka kujua kesho itakuwaje.

Ukikwama

*Wenzangu wanacheka, wageni hawacheki.* Mnacheka kwa sababu mnamjua mtu halisi aliyeigwa. Rudi Hatua ya 2, hakikisha siri yake inaonekana kwenye picha, isibaki kichwani mwako.

*Midomo hailingani na maneno.* Angalia kwanza kama idadi ya fremu ni moja kwenye programu ya kuhuisha na ya kuhariri. Kama ni moja, tanguliza midomo fremu moja au mbili kabla ya sauti, na hakikisha m, b na p zimefungwa fremu mbili kamili.

*Sauti za waigizaji zinasikika kama wako vyumba tofauti.* Walirekodiwa siku tofauti au umbali tofauti. Tandika ule ukimya wa chumba chini ya tukio lote na usawazishe viwango. Mmoja akizidi kuwa na mwangwi, rekodi mistari yake upya. Ni rahisi kuliko kuitibu.

*Animatiki imefika dakika tisa.* Tafuta tukio ambalo ukiliondoa hadithi inaeleweka bado. Lipo. Mara nyingi ni lile la kwanza kabisa, la kuamka asubuhi na kupiga mswaki. Anza mita inapolia.

*Kila mtu anampenda Bibi, wengine hakuna anayewakumbuka.* Bibi ana mistari mingi mno. Mpunguzie nusu, na mistari mitatu kati ya hiyo mgeuzie Zuhura, ambaye siku hii ni yake na hajaulizwa.

*Mchoraji mwenzangu ameacha katikati.* Kusanya mafaili yake yote siku hiyo hiyo. Shoti ambazo hakuzimaliza zigeuze kuwa picha tulivu zenye sauti kutoka nje ya fremu: mlango uliofungwa wa chumba cha Bibi, birika likichemka ndani, na sauti ya Bibi ikikana kwamba anamiliki birika.